Mvinyo mwekundu wa Ufaransa uliozeeka: nitajuaje kama umekomaa au umekufa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Lyon, na tangu mwaka jana nimekaribishwa katika kikundi cha watu wanane wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao kuonja mvinyo mwekundu wa zamani. Mara ya kwanza nilipewa Bordeaux ya zaidi ya miaka 30. Niliona inanuka uyoga na majani yaliyolowa, nikadhani imeharibika, kumbe wenzangu walikuwa wanaisifu. Chupa iliyofuata niliiona laini na nzuri, wao wakasema imekufa. Nilinyamaza usiku kucha. Mwezi ujao tutafungua chupa sita za Médoc, eneo mojawapo la Bordeaux, za kati ya 1982 na 1996, nami nimeombwa nilete ya saba. Nitautofautishaje mvinyo uliozeeka vizuri na uliokufa, na mezani nifanye nini nisiaibike?

Jibu: Marahaba. Nianze kwa kukuondolea hofu: ulimi wako hauna kasoro. Uyoga na majani yaliyolowa ndiyo maneno yale yale ambayo mwonjaji wa miaka mingi angeyaandika kwenye daftari lake mbele ya Bordeaux ya umri huo, kwa hiyo kunusa ulinusa sawasawa, ila uliitafsiri vibaya harufu uliyoikuta. Kwenye chupa ya pili kosa lilikuwa la aina nyingine, kwa maana ulaini unaweza kuwa wa mvinyo uliotulia na unaweza kuwa wa mvinyo uliobaki mtupu, na katika funda la kwanza hali hizo mbili hufanana sana. Mara zote mbili ulitoa hukumu mapema mno na mahali pasipofaa, yaani puani, katika dakika ya kwanza. Uzee wa mvinyo hupimwa mdomoni baada ya kumeza au kutema, kisha hupimwa tena ndani ya glasi ileile nusu saa baadaye.

Ili ujue unachokitafuta, inafaa uelewe kwanza kinachotokea ndani ya chupa. Ukila zambarau ambazo hazijaiva sawasawa, ulimi hugeuka rangi na mdomo wote hukauka, mashavu yakajivuta kwa ndani. Ukakasi huo, ambao mtu aliyekulia penye mizambarau na mabibo anaujua kuliko Mfaransa yeyote wa mjini, ni kazi ya tanini: hushikamana na protini zilizomo kwenye mate, na mate yakapoteza utelezi wake. Mvinyo wa Médoc hutengenezwa zaidi kwa zabibu za Cabernet Sauvignon, zenye punje ndogo na ngozi nene, na tanini zinazotoka kwenye ngozi na mbegu huongezewa nyingine kutoka kwenye mapipa ya mwaloni, kwa hiyo unapokuwa mchanga huwa na rangi ya zambarau na ukakasi wa zambarau pia. Miaka inavyopita, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na hushikana na chembechembe za rangi, mpaka nyingine zinakuwa kubwa kiasi cha kushindwa kuelea, zikatua chini. Mashapo unayoyaona kwenye sakafu ya chupa ya zamani ni rangi na ukakasi uliokwisha kutoka ndani ya mvinyo. Wakati huohuo harufu za matunda mabichi hufifia, na mahali pake huja harufu nyingine ambazo mvinyo mchanga haunazo kabisa.

Uchachu, kwa upande wake, hubaki karibu pale pale. Naomba ulishike jambo hili kuliko mengine yote niliyoandika hapa, kwa sababu tofauti uliyoniuliza imelala humo. Tunda linapungua, ukakasi unapungua, uchachu unakaa. Mvinyo unaozeeka vizuri ni ule ambao tunda na ukakasi wake vinashuka pamoja, kwa mwendo unaokaribiana, hivi kwamba wakati wowote utakaoufungua kila kimoja kinaendelea kukishikilia kingine. Tunda likiondoka kwanza, unabaki na mvinyo mkavu, mgumu, unaokwaruza ufizi bila kukupa kitu. Mavuno ya Bordeaux ya 1975 yalijipatia sifa hiyo, kwani chupa nyingi za mwaka ule zilisubiriwa ukakasi wake ulainike, na ulipolainika tunda halikuwepo tena. Vyote viwili vikiondoka, kinachobaki ni uchachu ukiwa peke yake, kama maji yaliyokamuliwa limau kidogo na kutiwa rangi. Nadhani chupa yako ya pili ilikuwa ya namna hiyo: haikukukera popote kwa sababu haikuwa na kitu cha kukukera, na bila shaka ilikwisha mdomoni mara tu ulipoimeza.

Sasa tuje mezani. Ukipewa glasi, ilaze kidogo juu ya karatasi nyeupe, utazame katikati na pembeni. Bordeaux changa ina ukingo wa zambarau. Ya miaka 20 au 30 huwa nyekundu iliyotulia katikati, na ukingo wake huelekea rangi ya tofali. Hiyo ni afya. La kutia shaka ni mvinyo uliogeuka kahawia wote mpaka katikati, kama chai ya rangi iliyolala, halafu ukapoteza na ule mng'ao wake. Hata hivyo usihukumu kwa macho peke yake, na hasa usilinganishe rangi za mikoa tofauti, maana mvinyo wa zabibu za Pinot Noir wa mkoa wa Burgundy huwa mwepesi wa rangi tangu utotoni. Na mtu akianza kukuonyesha yale machozi yanayoteremka kwenye kioo na kukwambia ni dalili ya ubora, mwitikie kwa adabu tu; yanakueleza habari za pombe iliyomo na si zaidi.

Puani utakutana na jamaa ya harufu ambazo mwanzoni zinaonekana hazina uhusiano na kinywaji: ngozi ya kiatu, tumbaku kavu, uyoga, udongo uliopigwa na mvua, na ile harufu ya penseli iliyochongwa, ambayo ni ya mti wa mwerezi na ambayo waonjaji huihusisha sana na Pauillac, kijiji kimoja cha Médoc. Utakuta pengine na karafuu, na hapo mtu wa pwani hajidanganyi, kwa kuwa eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, imo pia katika mbao za mwaloni zilizochomwa kutengenezea mapipa. Zote hizi ni harufu za uzee mwema, kwa sharti moja: nyuma yake lazima kuwe na kitu kitamu. Sizungumzii sukari, maana mivinyo hii haina sukari ya kutajika; nazungumzia kumbukumbu ya tunda, kama plamu iliyokaushwa, tende, au ganda la chungwa lililokauka. Uyoga wenye tende nyuma yake ni mvinyo uliokomaa. Uyoga ambao nyuma yake hakuna kitu ila uyoga mwingine ni mvinyo unaoaga.

Kisha weka mdomoni kiasi cha kijiko cha chakula, uzungushe, utulie, umeze au uteme, halafu uhesabu. Wafaransa wana kipimo chao kwa jambo hili, kiitwacho caudalie, ambacho ni sekunde moja ya ladha kubaki mdomoni baada ya mvinyo kuondoka, na jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mkia. Wenzako wakimsikia mgeni akilitumia watamkodolea macho, kwa hiyo hesabu kimoyomoyo. Kanuni yangu mwenyewe, ambayo si sheria ya mtu, ni kwamba Médoc ya zamani iliyo hai hunifikisha sekunde nane, kumi, wakati mwingine zaidi, na ladha inayobaki ni ileile niliyoanza nayo ikizidi kupungua taratibu. Iliyokufa hukatika kwenye sekunde ya pili au ya tatu, na kinachofuata ni uchachu pembeni mwa ulimi. Ukifanya zoezi hili moja tu kwa uaminifu kwenye chupa zote saba, utakuwa umeonja kwa makini kuliko watu wengi wanaozungumza sana.

Jambo linalowachanganya hata wazoefu ni kwamba mvinyo uliofungwa miaka 30 hauamki kwa dakika moja. Kuna jioni moja hapa Bordeaux tulifungua Saint-Julien, mvinyo wa kijiji kingine cha Médoc, ya 1978 ambayo ilitoka na harufu ya chumba kilichofungiwa nguo za marehemu. Mwenyeji wetu akaomba radhi, glasi zikasogezwa pembeni, tukaendelea na nyingine. Baada ya kama dakika 40 jirani yangu alichukua glasi ile kwa makosa akidhani ni yake ya sasa, akanyamaza, akainusa tena, kisha akatuomba wote tuzirudie zetu. Harufu ile ilikuwa imekwisha ondoka, na chini yake mlikuwa na tumbaku, plamu na mwerezi vilivyopangika kuliko katika chupa yoyote ya usiku ule. Kinyume chake pia hutokea, nacho kinahuzunisha zaidi: mvinyo dhaifu hufunguka ukiwa mzuri ajabu, kila mtu akashangilia, na baada ya dakika 20 umeporomoka na kuwa maji machachu. Kwa sababu hiyo nakushauri uandike mara tatu kwa kila chupa: inapomiminwa, baada ya robo saa, na karibu na mwisho wa kikao, na saa uiandike pembeni. Uliojikusanya kadiri hewa ilivyouingia ulikuwa hai, hata kama mwanzo wake ulikuwa mbaya.

Kufa kwa uzee ni jambo moja na kuugua ni jingine, na usiyachanganye. Ugonjwa wa kizibo, unaotokana na kemikali iitwayo trikloroanisoli, hauna uhusiano wowote na umri. Hutokea katika chupa ya mwaka juzi kama inavyotokea katika ya 1982, na pua ya binadamu huugundua hata ikiwamo nanogramu chache tu kwa lita. Harufu yake ni kadibodi iliyolowa, au tambara la kudekia lililosahauliwa ndoani. Tofauti yake na ile harufu ya chumba kilichofungwa ni kwamba hii haiondoki kwa hewa. Kila ukiirudia glasi inazidi, na tunda linazidi kujificha. Ukinusa siki au rangi ya kucha iliyopita kiasi, huo nao ni ugonjwa. Harufu ya zizi la farasi husababishwa na hamira ya Brettanomyces, na hapo utawakuta wapenzi wa Bordeaux za zamani wamegawanyika, kwani wako wanaosema kidogo chake huongeza utamu wa mazungumzo. Mimi nikishaisikia zaidi ya tunda, naweka glasi chini.

Wenzako waliposema "imekufa", naamini walikuwa wakiizungumzia chupa, na wewe vilevile jizoeze kusema hivyo. Wafanyabiashara wa mvinyo wana msemo wa siku nyingi kwamba baada ya umri fulani hakuna mivinyo mikubwa, kuna chupa nzuri tu. Chupa mbili zilizotoka katika kasha moja, zikatengana kwa miaka 25, moja ikakaa katika ghala la chini ya ardhi penye nyuzijoto 12 hadi 14, gizani, penye unyevu wa kutosha kizibo kisikauke, na nyingine ikakaa juu ya kabati la jikoni, haziwezi kuitwa mvinyo mmoja tena. Joto huharakisha kila kitu na kukiharakisha vibaya. Unaweza kulikadiria hilo kabla ya kufungua, kwa kutazama kiwango cha mvinyo chupa ikiwa imesimama. Bordeaux ya miaka 30 ambayo mvinyo wake umefika chini ya shingo ni ya kawaida kabisa. Ukishuka mpaka juu ya bega bado kuna matumaini. Ukifika katikati ya bega, hewa iliyoingia ni nyingi, na unapaswa kuifungua bila kutarajia kitu. Wafaransa wa kikundi chako watalitazama hilo kabla hata ya kusoma lebo, nawe fanya hivyo.

Kuhusu miaka yenyewe, sina nafasi ya kukuandikia historia yote, lakini ya kati ya 1982 na 1996 inakuhusu moja kwa moja. Mavuno ya 1982 yalitoka katika kiangazi cha jua, yakaiva sana, na yaliyohifadhiwa vizuri bado yana unono. Ya 1985 yalikuwa laini tangu mapema. Ya 1986 ni kinyume chake: Cabernet ya Médoc ilitoa mvinyo mgumu, wenye tanini nyingi, ambao kwa muda mrefu ulionekana hautafunguka. Miaka ya 1989 na 1990 ilikuwa na joto, na ya 1996 iliipendelea Médoc kuliko Saint-Émilion na Pomerol, maeneo ya Bordeaux yaliyo ng'ambo ya mto. Mwaka wa 1991 baridi kali ya Aprili iliunguza machipukizi, na 1992 ilikuwa ya mvua, kwa hiyo ukikuta chupa za miaka hiyo miwili mezani zisikilize kwa huruma. Utashangaa pia kuona kwamba nyingi ya chupa za miaka ya 1980 zina pombe ya asilimia 12 au 12.5 tu, wakati siku hizi asilimia 14 katika Bordeaux si ajabu.

Mpangilio wa kuzimimina ni ubishi usiokwisha. Wako wanaoanza na changa wakapanda kuelekea nzee, na wako wanaofanya kinyume. Mimi sitazami umri, natazama uzito. Ningetanguliza 1985, nikafuatisha 1982, na 1986 ningeiweka mwisho, kwa sababu ukakasi wake ukishaganda kwenye ulimi utazinyima nafasi chupa laini zitakazofuata. Kama mwenyeji wako ana utaratibu wake, mwachie, nyumba ni yake.

Kazi ya mkono ina uzito wake. Chupa ya zamani inapaswa kusimamishwa wima siku moja au mbili kabla, mashapo yote yashuke. Kizibo cha miaka 30 ni laini kama mkate uliolowa, na kizibuo cha kawaida cha kuzungusha kitakimega katikati. Wenye uzoefu hutumia kile chenye mapanga mawili membamba yanayopenya kati ya kizibo na kioo, wakakizungusha na kukivuta polepole. Kikikatika usione haya, nimeshavizamisha vingi, na chujio safi la chai limeniokoa mara zote. Kumimina kwenye jagi la kioo hufanywa kwa mwendo mmoja bila kuinua na kushusha, taa au mshumaa ukiwa nyuma ya shingo, na unasimama mara ule uzi mweusi wa mashapo unapofika begani. Je, umiminwe saa ngapi kabla? Émile Peynaud, mtaalamu wa Bordeaux aliyewafundisha wengi waliofuata, alishikilia kwamba jagi ni kwa ajili ya kutenga mashapo tu, na kwamba limiminiwe karibu na wakati wa kunywa. Kwa mvinyo mchanga sikubaliani naye kikamilifu; kwa mvinyo mzee nilikubali baada ya kuua Volnay, mvinyo wa Burgundy, ya 1971 kwa saa mbili za jagi, mbele ya mtu aliyeniletea kama zawadi. Joto liwe nyuzi 16 mwanzoni, maana litapanda lenyewe, na pombe ikishatangulia puani hutaiona harufu nyingine.

Watu wanane na chupa saba ni hesabu inayohitaji nidhamu. Chupa ina mililita 750. Ukiacha 50 za mashapo na kummiminia kila mtu 60, zinabaki 220 za kurudia baadaye, ambazo ni karibu 27 kwa kila mtu. Ukizinywa zote saba namna hiyo utakuwa umekunywa zaidi ya nusu lita, na kuanzia chupa ya nne maandishi yako hayatasomeka. Tema. Chombo cha kutemea kitakuwepo mezani, hakuna Mfaransa atakayekuona mshamba kwa kukitumia; atakayemeza kila kitu ndiye watakayemshangaa. Meza mbili ulizozipenda mwishoni, na urudi nyumbani kwa metro.

Sasa lile la kunyamaza usiku kucha. Kunyamaza mwanzoni ni tabia njema kuliko unavyodhani, mradi wanyamaze wote. Waombe wenzako, au mwombe mwenyeji faragha, kwamba dakika tano za kwanza za kila chupa mtu asiseme neno, kila mmoja aandike. Pua ya binadamu inasadiki inachoambiwa. Katika utafiti uliochapishwa 2001, watafiti wa Bordeaux waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ikiwa rangi peke yake inaweza kufanya hivyo, fikiria mzee anayeheshimiwa akisema "ah, mwerezi!" kabla hujanusa. Lebo ni hatari zaidi ya mzee huyo, na ndiyo maana napenda chupa zifunikwe, kwa soksi ikibidi. Mwaka wa 1976 jijini Paris majaji wa Kifaransa walionja bila kuona lebo, wakaipa mivinyo ya Kalifornia nafasi ya kwanza juu ya ya kwao. Wengi walijitetea kwamba Bordeaux zilikuwa bado changa na kwamba zingeshinda baada ya kuzeeka. Mivinyo ileile myekundu ikaonjwa tena 2006, ikiwa na zaidi ya miaka 30, na Kalifornia ikachukua nafasi tano za juu, ya kwanza ikiwa Ridge Monte Bello ya 1971.

Zamu yako ya kusema ikifika, sema ulichoandika, hata kama umeandika zambarau na udongo wa mvua. Kwa Kifaransa utahitaji maneno matatu na kuyatofautisha. Évolué maana yake umekua, nalo ni la staha, halimuudhi mwenye chupa. Fatigué ni kuchoka, nalo husemwa kwa upole. Passé ni hukumu, mvinyo umepita wakati wake, na mgeni asiliseme kwanza kuhusu chupa ambayo mwenyeji ameitunza miaka 20 kwa ajili ya usiku huo. Ukihisi kizibo kina ugonjwa, mwinamie mwenyeji na kumuuliza: "Wewe unaionaje?" Atanusa tena, na mara nyingi atalisema mwenyewe.

Imebaki chupa yako. Usishindane na meza ile kwa jina. Orodha ya daraja za mashamba ya Médoc iliyopangwa 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris imebadilishwa kwa jambo moja kubwa tu tangu hapo, pale shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa daraja la kwanza 1973, na bei za majina yale matano ya juu hazina uhusiano na mshahara wa mtu mwenye akili timamu. Majina makubwa ndiyo pia yanayoghushiwa. Mwaka wa 2008 mnada mmoja wa New York ulipangiwa kuuza chupa za Clos Saint-Denis za kuanzia 1945 zenye jina la familia ya Ponsot wa Burgundy; Laurent Ponsot akasafiri kuzizuia, kwa sababu familia yake haikutengeneza mvinyo wa shamba lile kabla ya 1982, na aliyezileta baadaye alifungwa jela. Wewe tafuta Saint-Estèphe au Saint-Julien ya 2001, ya shamba la daraja la kati au cru bourgeois (shamba la Médoc lisilo katika orodha ya 1855) inayoheshimika. Mwaka ule ulifunikwa na sifa za 2000 uliotangulia, kwa hiyo bei yake ni ya kibinadamu, na sasa umepita miaka 20. Mezani utawafaa wote, maana katikati ya chupa zile sita za wazee utaonyesha zilivyokuwa kabla ya kufika hapo zilipo: tunda bado linasikika, ukakasi bado unashika, ukingo ndio kwanza unaanza rangi ya tofali. Muulize muuzaji ilikuwa imewekwa wapi miaka yote hiyo, na akisita kujibu nenda kwa mwingine. Kisha ipeleke kwa mwenyeji siku tatu kabla, uibebe wima mkononi, usiiache kwenye gari penye jua, na umwombe aisimamishe pamoja na zake.